Ofisi ya Kijiji Ng'ambo ya Uwanja: Mhadhara Juu ya Kufundisha Uraia Ufipa

Katika vijiji vingi vya uwanda wa juu wa Ufipa, shule ya msingi na ofisi ya kijiji haziko mbalimbali. Katikati pana uwanja wa mpira, mikaratusi michache, na njia ya miguu iliyochimbika kwa miaka ya watu kwenda na kurudi. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba yaliyovunwa, watoto hupita mbele ya ofisi hiyo wamejikunyata ndani ya masweta, huyu na fagio, yule na dumu la maji. Wanaiona bendera. Wanamwona mtendaji akifungua kufuli. Kisha wanaingia darasani, wanabanana kwenye madawati, na mwalimu anaandika ubaoni: Serikali ni nini?

Wananakili jibu. Serikali wanayoinakili haina mlango, haina kufuli, wala haina mtu mwenye jina. Ina mihimili mitatu, ina kazi zake, ina maana yake kwa mstari mmoja na nusu, na siku ya mtihani itarudishwa kama ilivyotolewa. Mwanafunzi anayeweza kutaja mihimili hiyo akiwa usingizini huenda asijue ni nani aliyeamua kwamba kisima kipya kichimbwe upande ule wa kijiji na si upande huu, ingawa uamuzi huo ulifanyika mita 200 kutoka alipoketi.

Mhadhara huu una jambo moja la kusema kuhusu hali hiyo. Somo la uraia huchosha linapoanzia Dodoma na kushuka. Huchangamka linapoanzia ofisi iliyo ng'ambo ya uwanja na kupanda. Sumbawanga, Kalambo na Nkasi zina kila kinachohitajika ili kulifundisha hivyo, na kingi katika hicho hakinunuliwi.

Lawama isiangukie walimu. Somo lenyewe limevaa majina mengi, na kila jina limekuja na mzigo wake. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, na andiko la Mwalimu Nyerere la Elimu ya Kujitegemea lililotoka Machi mwaka huohuo, shule zilifundisha Siasa, somo la nchi ya chama kimoja. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, kufuatia kazi ya Tume ya Jaji Francis Nyalali, Siasa ikaondoka na Uraia ukashika nafasi yake. Baadaye shule za msingi zikapata Uraia na Maadili, na tangu mwaka 2021 somo hilo likawa na karatasi yake miongoni mwa mitihani sita ya kumaliza elimu ya msingi. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu aliyeajiriwa miaka ya 1980 na kustaafu juzi amepitia karibu yote hayo, mara nyingi kwa semina ya siku chache na vitabu vilivyochelewa.

Badiliko moja katika hayo lina uzito kuliko linavyosikika. Kwa miongo mingi mtoto wa Laela au Namanyere alihitimu darasa la saba akizijua kwa Kiswahili haki zake, wajibu wake na maana ya mamlaka, kisha akafika kidato cha kwanza akayakuta mambo yaleyale kwa Kiingereza. Alichokuwa akikijadili jana, leo akawa anakikariri. Mwalimu naye, akitaka kumsikia mtoto akitoa hoja, alilazimika kuchagua: ama amwache aseme kwa Kiswahili na kuvunja kanuni ya shule, ama amngoje ajenge sentensi ya Kiingereza mpaka kengele igonge. Wengi walichagua njia ya tatu, wakasema wenyewe dakika zote 40. Somo jipya la mwaka 2024 linafundishwa kwa Kiswahili hata sekondari. Katiba ya mwaka 1977 ipo kwa Kiswahili, Bunge hujadili kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mwanafunzi wa sekondari anaweza kuisoma ibara asubuhi na kuibishania jioni nyumbani, na mama yake akaelewa anachobishania.

Nchi hii inao uzoefu wa kufundisha uraia kwa namna isiyochosha, na inafaa ukumbukwe. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, aliacha tungo za ngonjera zilizochapishwa kwa jina la Ngonjera za UKUTA, na kwa miaka mingi watoto wa shule walisimama mbele ya wazazi wao wakijibizana kwa vina kuhusu ujamaa, kazi na elimu. Katika ngonjera mmoja hapingi na mwingine akanyamaza. Kila upande lazima ujibu. Hiyo tayari ni mbinu ya kufundishia, hata kama siku hizo jibu la mwisho lilikuwa limekwisha kuamuliwa.

Karibu zaidi na haja ya leo ni kampeni za elimu ya watu wazima kupitia redio. Mwaka 1969 kulikuwa na Kupanga ni Kuchagua, kuhusu mpango wa maendeleo. Mwaka 1970, mwaka wa uchaguzi, kukaja Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1973 Mtu ni Afya ikawafikia watu wapatao milioni 2. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Watu walikusanyika mahali pamoja na redio moja. Walisikiliza kipindi. Anayejua kusoma aliwasomea wenzake kijitabu. Walijadiliana. Kisha, na hapa ndipo penye siri, waliazimia jambo la kufanya kabla ya kukutana tena: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Kikundi kilichoondoka bila azimio kilikuwa hakijamaliza somo. Darasa lenye wanafunzi 80 haliwezi kuendeshwa kwa kila mtoto kuinua mkono, lakini linaweza kugawanywa katika vikundi vya watu 10, kila kimoja na msomaji wake, mwandishi wake na azimio lake. Kilichowezekana kwa watu wazima ambao wengi hawakuwahi kukaa darasani kinawezekana pia kwa watoto wa darasa la sita.

Zoezi la kwanza basi, na halihitaji hata shilingi. Mwalimu anaugawa ubao mara tatu na kuandika juu: Amechaguliwa, Ameteuliwa, Ameajiriwa. Wanafunzi wanataja viongozi wanaowajua kwa sura, na darasa linaamua kila mmoja anakaa safu gani. Mwenyekiti wa kitongoji anakwenda safu ya kwanza bila ubishi. Diwani pia. Mkuu wa wilaya, sauti za kwanza zitasema amechaguliwa, kwa sababu akija watu humpokea kwa ngoma na makofi. Kumbe ameteuliwa na Rais, kama alivyoteuliwa mkurugenzi wa halmashauri. Anayezusha zogo hasa ni mtendaji wa kijiji. Yeye ndiye mwenye muhuri. Yeye ndiye huandika barua ya utambulisho. Watoto wengi humwona mkubwa kuliko mwenyekiti, na hakuna mtu kijijini aliyempigia kura. Ameajiriwa, na kesho anaweza kuhamishiwa kijiji kingine. Mwenyekiti hahamishwi, ni wa palepale, na waliomweka kwa miaka mitano ndio majirani zake.

Mtoto mmoja atauliza kuhusu mbunge wa viti maalumu, na darasa litakwama. Mwingine atamtaja balozi wa nyumba kumi, na itabidi mwalimu aeleze kwamba huyo ni kiongozi wa chama, na kwamba zamani, chama kikiwa kimoja, mpaka kati ya chama na serikali haukuonekana wazi kama sasa. Kukwama huko kusiharakishwe. Dakika 20 za kubishana juu ya safu ya mtu mmoja humfundisha mtoto muundo wa serikali kuliko mchoro wa piramidi ulionakiliwa kitabuni, kwa sababu ndani ya ubishi huo kuna swali la kweli: akikosea, nani anaweza kumwondoa?

Kwa madarasa ya juu, safu ya nne inaweza kuongezwa: Amerithi. Hapo Ufipa inakuwa na mengi ya kusema kuliko sehemu nyingi za nchi. Kabla ya wakoloni palikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, zilizotawaliwa na ukoo wa Watwa, na nyuma yao ukuu wa zamani zaidi wa Milansi, jina ambalo kwa matamshi ya Milanzi bado linabebwa na kata moja ya Manispaa ya Sumbawanga. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika habari wanayoisimulia Wafipa: wanawake wageni walifika Milansi wakati mfalme yuko mawindoni, na aliporudi alikuta kiti kimekwisha kukaliwa. Watwa wakawa watawala wa nchi, na Milansi ikabaki na heshima ya mambo ya kiroho. Wazee wa vijijini wanayo matoleo yao ya kisa hiki, na mmoja wao akialikwa darasani kwa kipindi kimoja atakisimulia vizuri kuliko kitabu chochote. Baada yake mwalimu anauliza: aliyekaa kwenye kiti anakuwa mtawala kwa sababu amekikalia, au kwa sababu watu wamekubali? Na yule aliyenyang'anywa kiti akaachiwa heshima, je, bado ana mamlaka? Watoto wa miaka 15 wana maoni makali juu ya swali hilo. Ni swali lilelile ambalo wanasiasa na wanasheria huliita uhalali wa mamlaka, ila hapa limevaa nguo za nyumbani. Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika iliondoa mamlaka ya machifu, na hilo nalo linastahili mjadala wake: nini kilipotea, nini kilipatikana.

Sasa mkutano. Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, inaunda Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18, na inaufanya kuwa chombo kikuu cha kijiji. Mkutano huo ndio huchagua mwenyekiti na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, ambao ni kati ya 15 na 25. Unapaswa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Haya yapo katika vitabu vya shule, na huko hulala kama mihogo iliyoanikwa. Igizo dhima huyaamsha.

Tuseme ajenda ni ng'ombe walioingia shambani. Ufipa ni nchi ya mahindi, maharage, ulezi na mifugo, kwa hiyo hakuna mtoto asiye na la kusema. Mwalimu anamchagua mwenyekiti, anampa mwingine daftari la muhtasari kama mtendaji, na kwa wengine anagawa vipande vya karatasi: wewe una ekari mbili za maharage na ng'ombe wa jirani wameyala jana, wewe una ng'ombe 30 na njia ya kwenda majini imelimwa, wewe ni mjane, huna ng'ombe, lakini unauza maziwa ya wenye ng'ombe, wewe ni mjumbe, na mwenye ng'ombe ni shemeji yako. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachoupa mchezo uhai. Bila shemeji, mkutano wa darasani huisha kwa dakika tano na kila mtu anakubaliana na kila mtu.

Kisha mkutano unaendeshwa kama mikutano inavyoendeshwa. Je, akidi imetimia? Muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa, yatokanayo yanajibiwa, ajenda inafunguliwa. Mtu anadakia bila kuruhusiwa na mwenyekiti anamkalisha chini. Msichana aliye nyuma ameinua mkono mara tatu na haonekani. Mwalimu anasubiri kuona kama kuna mwenzake atakayesema, mwenyekiti, huku nyuma kuna mkono. Wanapiga kura. Waliopendekeza faini wanashinda kwa kura nne, na hapo mwalimu anasimamisha kila kitu na kuuliza: je, kuanzia sasa hiyo ni sheria? Bado. Sheria ndogo ya kijiji huandaliwa na halmashauri ya kijiji, hujadiliwa na mkutano mkuu, kisha hupelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Watoto waliopiga kelele kwa nusu saa hukasirika kusikia hivyo, na hasira yao ni mlango wa somo linalofuata: kwa nini kijiji hakiachwi kijitungie sheria peke yake? Kwa Ufipa, jibu linaonekana kwa macho, maana ng'ombe waliofukuzwa kijiji kimoja huingia cha pili.

Mwezi huohuo, au muhula huohuo, mkutano wa kweli utafanyika ng'ambo ya uwanja. Watoto hawana kura pale, lakini kwa ruhusa ya uongozi wanaweza kuketi pembeni wakisikiliza. Wapewe kazi ya kuhesabu. Kikundi cha kwanza kihesabu wanawake waliohudhuria na wanawake waliozungumza. Cha pili kipime dakika zilizotumika kwenye taarifa ya mapato na matumizi. Cha tatu kiandike kila swali lililoulizwa na kuweka alama kwa lile lililojibiwa. Cha nne kifuatilie yatokanayo: kilichoahidiwa mara iliyopita kimefika wapi? Kesho yake darasani takwimu zinaandikwa ubaoni. Hakuna anayekashifiwa, hakuna anayesifiwa. Ni hesabu tu. Ila mtoto aliyehesabu mwenyewe kwamba wanawake walikuwa nusu ya waliohudhuria na wawili tu ndio waliosema, hatahitaji kufafanuliwa maana ya ushiriki. Mwandishi wa mhadhara huu anaamini kwamba karatasi hiyo ya kuhesabia, iliyopigwa mistari kwa rula na kalamu ya risasi, ndicho kifaa bora kabisa cha kufundishia uraia kilichopo vijijini.

Fedha nazo zifundishwe kwa hesabu. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne hutolewa bila ada, na shule huendeshwa kwa ruzuku iliyopangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa shule ya msingi na shilingi 25,000 kwa wa sekondari. Shule ya msingi yenye watoto 540 basi inahesabiwa shilingi 5,400,000 kwa mwaka mzima, na sehemu ya hizo hushikwa juu kwa ajili ya vitabu. Mwalimu mkuu akikubali kubandika kwenye ubao wa matangazo kilichoingia na kilichotoka, darasa la saba linaweza kukaa na takwimu hizo kipindi kizima. Chaki ni katoni ngapi? Karatasi za mitihani? Mlinzi analipwa kutoka wapi? Paa la choo? Hesabu hii hukata pande zote mbili. Inamwonesha mtoto haki yake ya kuuliza fedha ya umma imekwenda wapi, na inamwonesha pia ufinyu ambao mwalimu mkuu anaishi nao kila siku, jambo ambalo wazazi wengi hawajawahi kuoneshwa. Shule zenye klabu za wapinga rushwa, zinazolelewa na TAKUKURU, zingefaidika kuanzia hapo kabla ya kuanza na mabango na nyimbo.

Jina la mji wenyewe ni somo. Sumbawanga, kwa Kifipa, husemwa kuwa na maana ya kutupa uchawi, na wasimulizi hueleza kwamba mgeni alitakiwa auache nje kabla ya kuingia. Nje ya mkoa watu hulifanyia mzaha, na vijana wa Rukwa wanaokwenda kusoma mbali huuchoka mzaha huo mapema. Mwalimu wa uraia anaweza kuligeuza jina hilo kuwa mahakama ya darasani. Kesi: kuku wa nyumba moja wamekufa wote ndani ya wiki moja, na bibi wa jirani anatuhumiwa. Yupo mlalamikaji, yupo mwendesha mashtaka, yupo mtetezi, yupo hakimu, wapo mashahidi. Mmoja alimwona bibi akipita usiku. Mwingine alisikia kwa shangazi yake. Wa tatu ni afisa mifugo, na yeye anaeleza jinsi mdondo unavyofyeka kuku wa kijiji kizima kama hawakuchanjwa. Darasa linatakiwa kupambanua kilichoonekana, kilichosikika na kilichodhaniwa. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Sheria ya uchawi, iliyotungwa enzi za Mwingereza mwaka 1928, bado imo katika vitabu vya sheria, na mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kujadili inamlinda nani. Watoto huicheza kesi hii kwa vicheko mwanzoni. Anapoitwa bibi kujitetea, na aliyepewa nafasi hiyo akasema kwamba alitoka usiku kwenda msalani, vicheko hupungua, kwa sababu kila mmoja ana bibi.

Mihimili mitatu ya dola ndiyo mada inayokaririwa kuliko zote, na kwa mada hiyo Tanzania inayo kesi moja inayoifundisha yote kwa mfululizo. Mwaka 1971 Bunge lilitunga Sheria ya Ndoa. Vifungu vyake vya 13 na 17 viliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, huku mvulana akitakiwa kutimiza 18, isipokuwa kwa kibali cha mahakama, ambapo hata miaka 14 iliruhusiwa. Mwaka 2016 mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, mwanzilishi wa shirika la Msichana Initiative, alifungua shauri Mahakama Kuu akidai kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Julai mwaka huo Mahakama Kuu ilikubaliana naye na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha sheria. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufaa hiyo.

Kesi hii ichambuliwe katika vipindi vitatu au vinne, isichambuliwe kwa kimoja. Kipindi cha kwanza, nusu ya darasa ni Bunge la mwaka 1971, na inapaswa kueleza kwa nini wabunge wa wakati ule waliona kuweka umri wowote katika maandishi ni hatua mbele. Watoto wasifundishwe kuwadharau watu wa zamani. Wafundishwe kuuliza walikuwa wakijibu tatizo gani. Kipindi cha pili ni mahakama: Katiba inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria, na sheria hii inatofautisha umri wa mvulana na wa msichana, nani ashinde, Katiba au sheria? Kipindi cha tatu ni Serikali ikikata rufaa, na hapa mwanafunzi anaona jambo ambalo mchoro wa mihimili haumwoneshi, kwamba mihimili huvutana, na kuvutana huko si ugomvi wala si vurugu. Mwishoni wanafunzi watafute wenyewe sheria inasemaje sasa. Katika mkoa ambao walimu wanajua majina ya wasichana waliokatisha masomo kwa mimba au ndoa, hakuna atakayesinzia. Na msichana atakayeuliza mwenzake aliyejifungua anaweza kurudi shuleni, aoneshwe kwamba jibu la swali hilo nalo lilibadilika kwa uamuzi wa serikali, mwezi Novemba 2021, ulipotolewa utaratibu wa kumruhusu kurejea. Kanuni zilizotungwa na watu hubadilishwa na watu. Hilo mtoto alione kwa tarehe.

Viongozi wa wanafunzi ni mahali pengine ambapo shule nyingi huacha nafasi ipite mkononi. Kiranja aliyeteuliwa na walimu ofisini anafundisha kitu, ingawa si kile kilichoandikwa kwenye andalio la somo. Kenya, baada ya migomo mikubwa ya shule za sekondari mwaka 2008, iliunda mwaka 2009 baraza la taifa la wanafunzi wa sekondari na kuhimiza shule ziachane na viranja wa kuteuliwa, wanafunzi wachague wawakilishi wao. Norway, kila panapokuwa na uchaguzi mkuu, wanafunzi wa sekondari hupiga kura zao za shuleni siku chache kabla ya wakubwa. Marekani, Jaji Sandra Day O'Connor alipostaafu Mahakama ya Juu alianzisha mwaka 2009 michezo ya kompyuta ya kufundishia uraia, iitwayo iCivics. Michezo hiyo inahitaji umeme na intaneti. Boksi la katoni lililotobolewa juu halihitaji.

Uchaguzi wa kiranja mkuu ukifanywa kwa ukamilifu, una daftari la wapiga kura, fomu za wagombea, kampeni ya siku tatu, kura ya siri nyuma ya shuka lililotundikwa, mawakala na kuhesabu hadharani. Kura zilizoharibika ndizo zitunzwe kuliko zote. Huyu ameweka alama kwa wawili. Huyu ameandika jina la mgombea na kuchora moyo pembeni. Huyu amekunja karatasi tupu. Ipi ihesabiwe? Kamati ya uchaguzi ya wanafunzi ikitoa uamuzi, iuandike na sababu zake. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2012 atatimiza miaka 18 mwaka 2030, mwaka wa uchaguzi mkuu. Si mbali.

Vipo vizuizi, na mwalimu yeyote wa Mtowisa au Matai anaweza kuvitaja kabla ya kuulizwa. Madarasa yamejaa. Mtihani wa mwisho una maswali ya kuchagua herufi. Mada zinatakiwa kumalizwa. Kuhusu mtihani, uzoefu wa kujifunza kwa kutenda haupingani nao: aliyekaa kama mwenyekiti na kuuliza akidi imetimia, hatakosea swali la akidi. Kizuizi kizito zaidi ni hofu. Mwalimu ni mtumishi wa umma, na katika miezi ya kampeni kipindi cha uraia kinaweza kusikika mtaani kama mkutano wa chama. Njia ya kupita ni kubaki na mambo ambayo wanafunzi wenyewe wanaishi nayo: shamba la shule lipandwe mahindi au alizeti, uwanja utumike na nani siku gani, chakula cha mchana kichangiwe vipi. Vyama vya darasani vibuniwe kwa mambo hayo, visibebe rangi wala alama ya chama chochote kilichosajiliwa. Mtoto akimuuliza mwalimu anampigia kura nani, jibu zuri ni kwamba kura ni siri, kisha mwalimu aeleze kwa nini ni siri.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza muhula ujao, kazi ya wiki ya kwanza ni barua moja. Aiandike kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa kupitia kwa mwalimu mkuu, aombe mambo matatu: tarehe ya mkutano mkuu ujao, ruhusa ya wanafunzi 20 kuketi pembeni na mwalimu wao, na nusu saa ya mwenyekiti kuja darasani kuulizwa maswali. Maswali hayo yaandaliwe na wanafunzi na yapelekwe mapema, ili mwenyekiti asihisi ametegwa. Nakala ya barua ibaki kwenye faili la shule. Akijibiwa, barua ya mtendaji ibandikwe ukutani yenye muhuri wake, na iwe ndicho kifungu cha kwanza ambacho darasa litasoma.